Proficiat kwa Kila Ua

Nimechoka na neno hili, proficiat. Butembo ukipata mtoto unaambiwa proficiat, ukitetea kazi yako ya mwisho wa masomo proficiat, ukinunua pikipiki proficiat. Hapo sina neno: mtoto, diploma na pikipiki vyote vinamtoa mtu jasho. Lakini mtu akiinama mbele ya ua la jirani, akabonyeza simu, picha ikatoka na ukungu, dole gumba limeingia pembeni, halafu watu wazima wenye akili timamu, wenye maduka na wajukuu, wakaipokea kwa "Proficiat, Papa! Proficiat sana!", mimi naomba nitoke nje kidogo nipumue.

Sisi ni watu wachache tunaopenda kupiga picha za maua. Hatuna jina wala stempu, na katika mji ambao hata wapasua mawe wana rais, makamu wa rais na mshauri wa rais, jambo hilo peke yake linatosha kutufanya tushukiwe. Kuna mwenye farmasi, kuna mama mshonaji, kuna mwalimu wa sekondari, kuna kijana anayesoma agronomi kule Chuo Kikuu cha Graben, kuna motari mmoja wa Beni, yaani dereva wa pikipiki, na kuna mimi, muuza misumari na mabati. Jumapili ibada zikiisha tunakaa barazani kwa mwenye farmasi, kwa kuwa ana viti vya kutosha na ana sola ya kuchajia simu. Kila mtu anatoa picha yake moja, simu inazunguka mkono kwa mkono, tunaijadili. Hivyo ndivyo tulivyokubaliana: kujadili. Mjadala wenyewe bado nausubiri. Kinachojadiliwa ni simu. Ina kamera ngapi, ilitoka Dubai au Kampala, betri inakaa siku nzima au inakufa saa nane. Ua lenyewe linasubiri zamu yake, na zamu ikifika linapewa proficiat yake, simu inapita.

Mke wangu ana swali lake. "Unafungaka butike juu ya majani?" Namjibu kwamba ni Jumapili, butike imefungwa hata hivyo. Ananiambia hajauliza siku, ameuliza akili.

Sasa, kwa nini maua? Kwa sababu nikitaka kupiga picha ya kitu kingine hapa kwetu, kitu hicho kina mwenyewe, na mwenyewe ana hasira. Mpige picha mama anayeuza sombe sokoni, atakudai pesa au atakudai sababu, na sababu ndiyo ghali zaidi. Elekeza simu kwenye daraja, kwenye antena, kwenye kizuizi cha barabara, utaeleza mpaka usiku. Na tangu Mei 2021, mkoa wetu ulipowekwa chini ya utawala wa kijeshi, mtu anayezungukazunguka na kamera anatazamwa vizuri kabla hajasalimiwa. Ua halina hasira wala karatasi za kuonyesha. Ndivyo nilivyodhani, mpaka nilipochuchumaa kwenye mzunguko mmoja wa barabara ambako mtu mwema amepanda kana za njano, nikasikia buti nyuma yangu.

"Unafotowa nini?"

"Maua, shefu."

"Maua ya nani?"

"Ya Mungu, shefu."

"Na Mungu alikupa ruhusa ya maandishi?"

Nikampa simu. Akapitia picha zangu zote, moja baada ya nyingine, polepole, na uso wa mtu anayesahihisha mtihani. Waridi, akapita. Hortensia, akapita. Alipofika kwenye ile kana niliyokuwa nimetoka kuipiga akasimama, akaipanua kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na jicho. "Hii," akasema, "haiko net. Ulitikisika." Akanirudishia simu, akaomba kitu ya kunywa. Nikatoa bila kinyongo. Hayo ndiyo maoni pekee ya kweli niliyowahi kupewa kuhusu picha zangu, na yalitoka kwa mtu aliyekuwa tayari kunifunga.

Wenzangu wanajifunza kutoka video za Wafaransa. Hizo ndizo zinazonimalizia mega. Mfaransa anasema tusubiri majira ya kuchipua. Tutasubiri sana. Hapa Ikweta inapita kusini kidogo ya mji, maua yanatoka mvua ikitaka, hakuna theluji ya kuyeyuka wala tulipu za kuamka. Halafu anatufundisha saa ya dhahabu, ule mwanga laini wa jioni ambapo kila kitu kinapendeza, na anazunguka bustanini taratibu kwa sababu kwao jua la kiangazi linateremka kwa kulala ubavu. Kwetu jua linashuka wima. Linakaribia saa kumi na mbili, linaondoka bila kuaga, na wewe bado unatafuta mahali pa kuweka goti ambapo hapana tope. Mwanga mzuri wa Butembo ni wa asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa kwenye mikaratusi: hauna kivuli kikali, rangi zinatulia, hata dalia iliyonyauka inaonekana ina heshima. Nimelisema hili barazani. Wakanipa proficiat.

Motari wa Beni hataki hata kulisikia. Kati ya Beni na sisi ni kilomita 54 tu, lakini wako chini yetu kwa zaidi ya mita 500, na huko joto ni joto. Akipanda kuja kwetu anavaa koti la mvua juu ya koti la baridi na kusema jua letu ni gonjwa. Yeye hupiga picha saa sita mchana, jua likiwa utosini, kwa maelezo kwamba saa hiyo mwanga ni "mingi" na ni wa bure. Alituletea haibiskasi nyekundu. Nikaitazama, nikaona doa jekundu tupu, bila mkunjo, bila mshipa, kitambaa kilichotupwa juu ya majani. Nikamweleza kwa upole kwamba nyekundu kali inaishinda kamera: inajaa mpaka inafurika, na kilichofurika hakirudi tena hata ukiburuta kitufe gani. Aguse ua kwenye kioo, ashushe mwanga kidogo, au alitafute likiwa kivulini. Akaniuliza, "Muze, ua iko nyekundu ama haiko nyekundu?" Iko nyekundu. "Njo vile." Baraza zima likamshangilia.

Kinyume chake ni yale maua meupe ya arumu yanayopandwa mbele ya makanisa. Hapo simu inaogopa weupe, inaupunguza, ua linatoka la kijivu, limekuwa saruji. Ukiongeza mwanga kidogo linarudi kuwa jeupe. Mwenye farmasi ana arumu za kijivu za kutosha kujenga ukuta, na kila moja imepata pongezi zake. Kitu kingine anachokipenda ni ile hali ya kamera inayofifisha nyuma. Ilitengenezwa kwa ajili ya nyuso za watu, kwa hiyo inatafuta masikio. Isipoyaona kwenye waridi inakata petali za pembeni ikidhani ni ukuta. Nilimwonyesha palipokatwa. Akasema ndiyo mtindo.

Mama mshonaji ana ufundi wake. Anatembea na chupa ya manukato iliyokwisha, ndani ameweka maji, na kabla ya kupiga picha analipulizia ua umande. Saa tisa alasiri, umande! Nakubali kwamba wakati wa kiangazi hana njia nyingine. Barabara zetu zikikauka na malori yakipita, kila kitu kinageuka rangi ya tofali, na ua la Butembo lazima lioge kabla ya kupigwa picha. Hilo si kosa lake. Lakini akishamaliza anaandika juu ya picha, kwa herufi za dhahabu, MUNGU AKUBARIKI WEWE NA JAMAA YAKO, na herufi ni kubwa kiasi kwamba ua linachungulia katikati ya O. Nilimuuliza kwa adabu, "Mama, ua liko wapi?" Akanijibu baraka ni kubwa kuliko ua. Mtu utabishana vipi na hilo? Mwalimu akasema amina. Mama akamjibu wasingya, yaani asante, na simu ikapita.

Mwalimu ndiye aliyetuletea waridi la Julai. Safi kabisa, halina chembe ya vumbi, halina tundu la mdudu, tone moja la maji limekaa mahali pake. Nikashtuka. Nikaipanua picha kama yule shefu alivyonifundisha. Kwenye shina kulikuwa na mshono. Mji wetu ni mji wa biashara, wafanyabiashara wake wanafika Dubai na Guangzhou, na kontena likirudi haliji na vitenge na vipuri peke yake, linakuja pia na mawaridi ya plastiki ya kupamba harusi na majeneza. Lilikuwa moja la hayo. Nikasema, "Mwalimu, hili ni plastiki." Baraza likanyamaza. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Lakini foto iko net," akasema. Na kwa kweli ilikuwa net. Proficiat.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikasirisha kweli, maana haya mengine ni ya kupitisha jioni.

Tuliamua siku moja kuwa na mada. Wazo lilitoka kwa mwenye farmasi: "Ua la kwetu." Kila mtu alete ua la hapa, la nchi hii, la babu zetu. Watu walijiandaa kuliko sikukuu. Mama mshonaji alileta bugenvilia ya zambarau. Mwenye farmasi, hortensia yake ya buluu. Mimi nilileta dalia, na bado nasema ilikuwa dalia nzuri. Motari, jakaranda iliyochanua. Mwalimu aliweka mezani yale maua ya njano ya titonia yanayoota kwenye kila ukingo wa shamba kuanzia hapa mpaka Lubero, akatoa hotuba: hili hakuna aliyelipanda, hili liliota lenyewe, hili liliwaona wazee wetu.

Kijana wa agronomi alikuwa kimya, anakunywa tangawisi. Kisha akaanza, pole pole, kwa heshima zote, "Mutanisamehe wazazi." Bugenvilia ni ya Brazili, Mfaransa Commerson aliikuta Rio de Janeiro karne ya 18, katika safari ya Bougainville, akaipa jina la mkubwa wake. Hortensia ni ya Japani. Dalia ni ya Meksiko. Jakaranda ni ya Amerika ya Kusini. Na titonia, aliyoiona babu yake mwalimu? Meksiko na Amerika ya Kati. Nikasema basi tubaki na mikaratusi. "Ostralia, Papa."

Mwalimu hakukubali kushindwa. Akauliza, na ule mti mkubwa wenye maua mekundu ya moto, ule ambao kila mtoto amechezea vifuko vyake vya maji? Spathodea. Huo ni wetu, kijana akasema, ni wa Afrika ya kitropiki. Tukapumua. Ila Wafaransa, akaongeza, wanauita "tulipie ya Gabon." Ua moja tulilokuwa tumelipata, tayari limeandikishwa Libreville. Na zile arumu za kijivu? Afrika Kusini. Mwenye farmasi akasema hiyo ni jirani, tuihesabu. Tukaihesabu.

Katikati ya msiba huo simu ya mama mshonaji ikalia: binamu yake aliyeko Brussels ametuma picha ya kaua kadogo ka zambarau kwenye chungu, dirishani, nje kuna mvua. Kameandikwa ni ka Afrika, anauliza kama kwetu kako kwa wingi. Kijana akatazama. Kametoka milima ya Usambara, Tanzania, alikakuta Mjerumani mmoja, Saint Paul-Illaire, mwaka 1892, na leo kako kwenye madirisha ya bibi wa Ulaya nzima. Kwetu hapa hakapo. Mama akamjibu binamu kwamba kapo, kamejaa, watoto wanakakanyaga. Sikumlaumu. Mtu akiwa mbali asivunjwe moyo.

Mwalimu akaona njia ya kutokea. Ua la kwetu liko Ruwenzori, akasema. Na hapo alisema kweli. Asubuhi mbingu zikifunguka watu wa Beni wanauona mlima wote, mpaka Margherita, mita 5,109. Huko juu kuna lobelia ndefu kuliko mtu na senesio zenye mashina ya miti, vitu ambavyo Mfaransa wa kwenye video angelia akiviona. Nani kati yetu amepanda kuvipiga picha? Hakuna. Aliyepanda ni Mwitaliano, Vittorio Sella, mwaka 1906, na msafara wa Duke wa Abruzzi, tena akipitia upande wa Uganda, na mashine nzito, na wapagazi, na matope, na ukungu usiokwisha. Mwalimu alikuwa nazo baadhi ya picha zake kwenye simu. Ikazunguka. Nilipofikiwa nilikaa nayo muda mrefu mpaka nikaambiwa niachie. Msitu mzima wa senesio, kila jani lake mahali pake, na ukungu umekaa nyuma bila kuombwa na kitufe chochote.

Mama mshonaji akaipokea, akaigeuza, akaigeuza tena. "Haina rangi," akasema. "Hakuwa na filtre?" Motari naye akaona mwanga ni kidogo. Ikapita. Sella hakupewa proficiat. Dole gumba la mwenye farmasi lilipewa.

Ilibaki picha ya kijana. Alikuwa ameiacha ya mwisho kwa sababu ndiye mdogo. Akaiweka mezani: tawi limejaa vishada vyeupe, mstari kwa mstari, maua membamba ya nyota yamebanana kwenye kila kifundo, na nyuki mmoja ameingia kichwa chini, matako nje. Robusta. Kahawa. Hili, akasema, halikuletwa na mtu. Porini kwenye misitu ya Kongo bado linaota lenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mbegu zake zilitoka huku, zikapitia Brussels, zikafika Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imeua kahawa nyingine, na hii ikastahimili. Leo kikombe cha mtu asiyejua Beni iko upande gani wa ramani kina ua letu ndani yake. Linachanua mvua ikigusa baada ya ukame, linanukia mpaka barabarani, na baada ya siku chache limekwisha, limekuwa kahawia. Ameliwinda kwa simu iliyopasuka kioo.

Nikasubiri. Nilijua neno linakuja, na kwa mara ya kwanza nililitaka.

"Lakini hii ni kahawa," mwenye farmasi akasema.

"Tulisema maua," mama mshonaji akasema.

"Kwetu iko mingi hivi," motari akasema, "hatuifotowake."

Simu ikarudi kwa mwenyewe. Kijana akaiweka mfukoni, akasema hakuna shida.

Shida iko! Watu hawa wamesomeshwa na kahawa. Nyumba ya mwenye farmasi ina mabati niliyowauzia mimi, na baba yake aliyanunua kwa magunia ya kahawa. Motari analala chini ya mikakao, mti ambao unatoa vijiua vyake moja kwa moja kwenye gome, vidogo kuliko ukucha, vya rangi ya maziwa na waridi, ajabu kabisa, na hajawahi kuinama kuvitazama. Kuna vanila ya Beni, ambayo mtu anaichavusha kwa mkono, ua moja moja, asubuhi, kabla halijafunga, kwa ufundi uliogunduliwa na mtoto mtumwa wa kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mwaka 1841, akiwa na umri wa miaka 12. Hapo pana ua, pana mkono, pana mwanga wa asubuhi. Picha imejipanga yenyewe. Lakini hapana, ua likishakulipia karo ya shule limeacha kuwa ua. Ua ni lile la kalenda ya Mfaransa. (Na kuna mashamba upande wa mashariki ya Beni ambayo yanachanua bila mtu wa kuyatazama, kwa sababu wenyewe wamekimbia, na wengine hawakuwahi kukimbia. Hilo sina maneno nalo, na si la safu hii.)

Nikayasema yote hayo, kwa sauti iliyozidi kidogo ile ya Jumapili. Wakanisikiliza kwa adabu. Mwenye farmasi akasema mawazo yangu ni mazuri sana, na akapendekeza kwamba kuanzia sasa mtu mwenye maoni makali ayatoe pembeni, wawili wawili, baada ya kinywaji. Mwalimu akapendekeza iundwe kamati. Mama mshonaji akanipulizia umande.

Tulipotoka nilimvuta kijana nikamwambia mvua ikigusa anipigie, nitafunga butike hata iwe Jumatano, tushuke Beni tuione hiyo robusta kabla haijawa kahawia. Akafurahi. Tukamwita motari tumuulize bei. Akataja bei ya watu wanne. Nikamkumbusha tuko wawili. Akasema ameshaona simu zetu, ana mashaka na kile tutakachorudi nacho, kwa hiyo itabidi na yeye aache kazi atusimamie, na msimamizi analipwa. Kuhusu saa tusiwe na wasiwasi: hatatuondoa Butembo mapema kwenye huu ukungu wetu wa wagonjwa, atatuchukua saa nne ili saa sita kamili tuwe shambani, mwanga ukiwa mingi.